Mwalimu Tumaini na Upande Uliolala

Mwalimu Tumaini hakuwa mwanamke wa kuchelewa kuamka. Alitoka Njombe, kwenye baridi na ukungu, na tangu apangiwe kazi Msimbati mwaka tisini na moja mwili wake haukuwahi kuzoea ile raha ya pwani ya kujigeuza kitandani mara moja zaidi. Lakini asubuhi moja ya kipupwe, mwaka tisini na nane, alichelewa. Alikuwa ndotoni. Amelala kwao kwenye nyasi zenye umande, na mtu asiyemjua amemfunika nusu ya uso kwa kitambaa kibichi. Alipozinduka kitambaa hakikuwepo, ila ubaridi wake ulikuwa umebaki palepale shavuni.

Hakujali. Jana yake alikuwa ametoka mjini Mtwara juu ya lori la nazi, upepo wa kusi ukimchapa upande wa kushoto tangu Madimba mpaka wanafika. Akasema moyoni, ni upepo huo, utaondoka. Chai ilipomchuruzika kifuani akadhani kikombe kina ufa. Akakigeuzageuza, hakuona kitu, akajifuta, akashika njia ya shuleni.

Darasa la kwanza lilikuwa lake tangu afike. Watoto wengi walikuja shule na Kimakonde cha nyumbani, na Kiswahili cha vitabuni walikipata kwake. Alikuwa na njia yake ya kufundisha. Hakuanza na ubao, alianza na mdomo. "Nitazameni mdomo!" alikuwa akisema, na macho yote yakimganda usoni, naye akitamka silabi polepole, kama anayewaonjesha kitu kitamu. Watoto wake walijua kusoma mapema kuliko wa shule za jirani, na wazazi walimsifu kwa hilo.

Asubuhi ile akaandika ba, be, bi, bo, bu. Akageuka. "Nitazameni mdomo," akasema, na hata yeye akasikia maneno yanavyoburuta. "Ba!"

Haikutoka ba. Midomo haikukutana. Pumzi ilimponyoka upande wa kushoto, sauti ikawa kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Na darasa zima, kwa utii wote, likavuta midomo upande mmoja na kupuliza vilevile.

Damu ilimpanda. Alidhani wanamdhihaki. Aliinua mkono kutaka kumnyanyua wa kwanza, macho yake yakaangukia mtoto wa kike wa mstari wa mbele aliyekuwa ameshika shavu lake kwa vidole viwili, akilivuta lishuke ili apate sauti sawasawa na ya mwalimu. Mtoto hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja uso kwa bidii. Mwalimu Tumaini akawatazama wengine mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anacheka. Midomo yote ilikuwa imepinda, ikingoja silabi inayofuata.

Akaweka chaki chini, akatoka nje, akashika njia ya nyumbani.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Safina, mke wa mvuvi, mwanamke wa Msimbati aliyezaliwa na kukulia papo hapo. Siku aliyofika Tumaini, Safina ndiye aliyempelekea maji ya kuoga, na toka hapo wakawa watu wa kuazimana chumvi na kuamkiana kupitia uani. Alikuwa amekaa juu ya kibao akimenya mihogo. Aliposikia hatua akainua kichwa, na kisu kikamdondoka.

"Mwalimu! Uso wako umekwenda wapi?"

Safina hakungoja jibu. Alimshika mkono akampeleka ndani mbele ya kioo cha kabati. Tumaini akaona uso wa watu wawili. Upande wa kulia alikuwa yeye, ameshtuka. Upande wa kushoto alikuwa mtu mwingine aliyelala fofofo, kope imelegea, shavu limeteremka, ukingo wa mdomo umeinama. Akajaribu kumwamsha. Akatabasamu, akanuna, akakunja paji la uso. Yule wa kushoto hakutikisika. Jicho tu ndilo lililokuwa wazi, likimtazama bila kupepesa.

Habari zikazunguka kijiji kabla jua halijasimama. Wengine walisema upepo, wengine wakasema kiharusi, na wazee wawili watatu walikohoa na kutazama pembeni, namna ya watu wenye neno wasilotaka kulitamka. Safina alimsomea dua, akimpuliza polepole nyuma ya sikio. Mwalimu mkuu, Abdulmalik, mtu mpole aliyefundisha hesabu, alikuja mpaka mlangoni.

"Nenda mjini, Mwalimu," alisema. "Darasa nitalishika mimi. Usifikirie darasa."

Hilo ndilo jambo moja lililomshinda.

Hospitalini, kwenye dirisha la kuandikisha, aliulizwa jina, akagundua kwamba jina lake mwenyewe lina herufi isiyomkubali tena. "Tu... naini," alisema. Muuguzi akainamisha sikio. Akarudia, na mara ya tatu machozi yakamlengalenga.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimwambia akunje paji la uso, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno. Jicho la kulia lilifumba, la kushoto likabaki wazi, mboni ikapanda juu na kuacha weupe mtupu. Akampima mikono na miguu, akamtembeza chumbani.

"Hiki si kiharusi," alisema. "Kiharusi mara nyingi kingekuachia paji la uso linalokunjika. Huu ni mshipa mmoja tu wa fahamu. Unatoka kichwani kwa kupita kwenye tundu jembamba la mfupa, hapa nyuma ya sikio. Ukivimba, unabanwa, na uso unakosa habari. Meza vidonge hivi mpaka viishe. Jicho litie dawa lisikauke, na ukilala ulifunge kwa plasta."

"Nitapona?"

"Wengi hupona. Wiki kadhaa, pengine miezi."

"Wengi."

"Wengi," alirudia daktari, hakuongeza wala kupunguza. Kisha akakumbuka jambo. Pale Magomeni, mtaa wa hapo hapo mjini, kwenye zahanati ndogo ya masista, kulikuwa na mama anayetibu kwa mikono. "Sina hakika atafupisha safari yako. Lakini hatakudhuru, na wanaotoka kwake hutoka na shingo nyepesi. Nenda, ila vidonge usiviache."

Tumaini akafikia kwa Maria, mtu wa kwao Njombe aliyeolewa na karani wa bandari na kuishi Magomeni. Alipewa chumba cha uani. Alikuwa anajifunika khanga kichwani na kuivuta mbele ya uso, likabaki jicho moja tu nje, na kwa sababu hiyo watu wa mtaani wakamchukulia kuwa mwanamke wa Kiislamu aliyetoka Mikindani. "Asalaam aleikum, bibie," wazee wa barazani walimwamkia, naye akajibu "Waaleikum salaam," maneno yaliyo mepesi mdomoni ukiondoa herufi chache za midomo. Alianza kuipenda hali ile. Ndani ya khanga kulikuwa na kivuli, harufu ya sabuni na pumzi yake mwenyewe, na mitaa ilimpita kama inaelea. Jumapili Maria alipomwalika kanisani alisingizia usingizi.

Mama Jesca wa zahanati alikuwa Mhaya mrefu, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika barabarani. Masista walimpeleka ng'ambo akasomea tiba ya mikono, osteopathia, jina alilolitamka kwa mazoea kama la shemeji yake. Alipomlaza Tumaini kitandani alikuwa bado anaeleza jinsi ndizi za Mtwara zisivyojua kuiva vizuri. Halafu akaketi nyuma ya kichwa chake, akaingiza viganja chini ya kisogo, na maneno yakakatika ghafla, kama redio iliyozimwa.

Tumaini alingoja kuvutwa, kubinywa, kuvunjwavunjwa. Haikuwa hivyo. Mikono ilikaa tu. Ilikuwa na joto, na uzito wa mtoto anayelalia mtu. Baada ya muda alihisi shingo yake, ambayo hakujua kuwa ameikaza, ikianza kuachia. Vidole vikahamia nyuma ya masikio, vikangoja hapo, vikateremka kwenye taya, vikapanda kwenye ukingo wa nywele.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nasikiliza," alisema Mama Jesca, kwa sauti ya chini isiyofanana na yake. "Shingo yako imejikunja kama mtu anayekwepa kofi. Taya pia. Mimi nalegeza vilivyojikaza ili damu na maji ya mwili vipite bila taabu. Mshipa wenyewe siwezi kuugusa, mwalimu wangu. Utajiponya wenyewe, kwa wakati wake. Mimi nauondolea vurugu tu pembeni."

Kisha akanyamaza tena, na Tumaini akateleza. Hakuwa amelala, kwa sababu jicho la kushoto liliendelea kuona dari, na mjusi juu ya dari. Lakini chini ya dari hiyo palikuwa na pahala pengine. Aliona ukungu wa Njombe ukishuka milimani, ukipita katikati ya mianzi, ukifuata Ruvuma mpaka mdomoni pake, pale maji ya mto yanapoingia baharini na kwa umbali mrefu hayakubali kuchanganyika, ya kahawia huku na ya buluu kule. Mama yake alikuwa amesimama kwenye mstari wa katikati, amekunja gauni, maji yakimfika magotini. Alikuwa anamwita. Tumaini alitaka kuitika lakini neno lilihitaji midomo. Akasimama ukungu ukimpita vidoleni, akamtazama mama yake, na haikumuuma hata kidogo kuwa hajaitika.

"Haya, inuka taratibu," ilisema sauti. "Umekoroma, unajua? Jicho moja wazi na unakoroma. Sijapata kuona."

Wakacheka wote wawili, Tumaini kwa upande mmoja.

Alirudi kwa Mama Jesca kila juma, mara moja au mbili. Kila mara ilikuwa vile vile, maneno, kisha mikono, kisha ile nchi ya ukungu. Maumivu ya nyuma ya sikio yaliisha. Shingo ikawa laini, usingizi ukawa mtamu. Uso haukutikisika. Vidonge vilikwisha. Mbele ya kioo cha Maria alifanya mazoezi aliyofundishwa, kuinua nyusi, kubusu hewa, kuvimbisha mashavu, na kila siku yule wa kushoto aliendelea na usingizi wake. Tumaini akaanza kuwaza kwamba huenda akabaki Magomeni. Angeweza kushona. Angeweza kuishi ndani ya khanga, akaitwa bibie, asidaiwe neno na mtu yeyote.

Ndipo Safina akaja. Alifika na kapu la samaki wakavu na muhogo, amejaa mchanga wa safari, akakaa mkekani na kumtazama vizuri, bila aibu.

"Bado umelala," alisema.

"Bado, da Safina. Shule inaendeleaje?"

Safina akasitasita. "Mwalimu mkuu anahangaika na madarasa mawili. Watoto wako wanacheza zaidi kuliko kusoma. Jana nimewakuta uani kwangu wanacheza shule. Mmoja kawa mwalimu, kashika kijiti." Akajipangusa mchanga. "Kapinda mdomo, Mwalimu. Na wenzake wote wanamjibu kwa kupinda. Nikawaambia, nyie, mnamcheka mwalimu wenu mgonjwa? Wakanishangaa. Mmoja akaniambia, hapana mama, hivi ndivyo inavyosomwa."

Tumaini alilia. Machozi ya kulia yaliteremka kama kawaida. Ya kushoto yalijaa jichoni yakasimama, hayakupata kope ya kuyasukuma. Safina akayafuta kwa ncha ya khanga yake.

"Ni vyema nirudi," Tumaini alisema mwishowe.

"Na huo mdomo?"

Tumaini alifikiri mchana kutwa, akijaribu herufi moja moja chini ya pumzi yake. Ta ilikuwa nzima. Ka, nzima. Sa, na, la, ra, zote nzima, maana ulimi wake haukuwa na ugonjwa. Zilizokuwa zimelala ni zile za midomo tu: ba, pa, ma, fa, va, wa. Akamgeukia rafiki yake.

"Da Safina, sema ba."

"Ba," alisema Safina, kwa wasiwasi.

"Ma. Fa."

"Ma. Fa. Kuna nini?"

"Utakuwa mdomo wangu."

Safina alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona mwenzake hachekeshwi. "Mimi? Mimi sijui hata a, Mwalimu. Shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo."

"Huhitaji kuijua. Mimi nitanyoosha kijiti, wewe utasema nitakachokuambia. Watoto watakutazama wewe."

Mama Jesca aliposikia shauri hilo alipiga makofi. Akamwonyesha Tumaini namna ya kuinua shavu kwa kidole wakati wa kula na kuongea, akamwambia aje kila atakapopata usafiri, na kwamba kujificha hakujawahi kuusaidia mshipa wowote.

Jumatatu iliyofuata, Msimbati, Tumaini aliingia darasani bila khanga usoni. Watoto wakasimama. Aliwaambia, polepole, kwamba uso wake unaumwa, upande huu umelala na bado haujaamka, na kwamba vile alivyosema siku ile sivyo inavyosomwa. "Si kosa lenu. Mlinitazama kama nilivyowaambia. Leo mtazameni Mama Safina."

Safina alikuwa amesimama karibu na ubao, amevaa khanga yake mpya ya sikukuu, jasho linamtoka. Mwalimu akagusa herufi kwa kijiti na kumnong'oneza. "Ba!" alipaza Safina, kwa sauti ya kuitia watu pwani, na darasa likaitika ba, midomo ikikutana na kuachana vizuri, mpaka Abdulmalik akachungulia dirishani kutoka darasa la pili. Aliangalia kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye hesabu zake.

Wakafundisha hivyo wawili. Za ulimi zilikuwa za Tumaini, za midomo zilikuwa za Safina. Neno kama "baba" lilikuwa lake Safina lote, "kaka" la mwalimu lote, na "samaki" waligawana, sa na ki huku, ma kule, watoto wakigeuza vichwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kama wanatazama mpira. Kijijini watu walikuja kusimama nje ya dirisha. Mume wa Safina alinung'unika mwanzoni kwa ajili ya chakula kuchelewa, kisha naye akaonekana dirishani. Na taratibu, pasipo mtu kumtangazia, Safina akaacha kungoja kunong'onezewa. Alitazama kijiti, akatazama herufi, akasema.

Wakati wa mihogo kuvunwa Tumaini alipanda lori kwenda Magomeni. Mama Jesca alikuwa nyuma ya kichwa chake, kidole kimetulia kwenye pembe ya mdomo, na Tumaini alikuwa mbali, ukungu umempita kiunoni, aliposikia mtu anavuta pumzi.

"Umefanya hivyo wewe?"

"Nimefanya nini?"

"Rudia. Tabasamu."

Kilichotokea kilikuwa kidogo mno; kioo kingekikosa, ila kidole kilikipata. Mama Jesca, ambaye hakuwa mtu wa kulia, aliinuka kwenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari.

Baada ya hapo uso ulirudi kama maji yanavyorudi mikokoni, hakuna anayeona yakija, ila kila ukigeuka pamejaa zaidi. Kwanza mdomo, kisha shavu, mwisho kope. Daktari alisema mshipa umepona, kama inavyokuwa kwa wengi. Mama Jesca alisema ulisaidiwa kidogo njiani. Safina alijua ni dua. Tumaini aliwashukuru wote watatu na hakuona sababu ya kuwapatanisha. Kilichobaki ni kwamba akicheka sana jicho la kushoto lilijikunja lenyewe, na watu walizoea.

Siku aliyoweza kusema ba waziwazi aliisemea darasani, bila kupanga. Alinyoosha kijiti, na kabla Safina hajafumbua kinywa, ikamtoka, nzima, ya mviringo. Watoto wakashangilia. Yeye mwenyewe akacheka kwa furaha, akairudia, akapita zote mpaka wa. Alipogeuka, Safina hakuwepo.

Alimkuta nyuma ya shule, amekaa juu ya gogo, anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mbona umeondoka?"

"Mwenye mdomo wake si kaamka," alisema Safina. "Nimefurahi, Mwalimu. Wallahi nimefurahi. Nilikuwa nakuombea hilo kila swala." Kidole cha mguu kikaendelea kuchora. "Nilikuwa nimefika kwenye sentensi tu."

Tumaini akaketi kando yake. Mchangani palikuwa na herufi, zimeinamainama, lakini zinasomeka: mama analima.

"Njoo kesho," alisema. "Kaa mbele, upande wa dirisha. Kitabu nitakupa changu."

"Na watoto? Mtu mzima mimi?"

"Wanakuita mwalimu, da Safina. Watakusogelea tu."

Akaja kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka mwaka wa shule ukaisha. Tumaini alipoletewa uhamisho wa kurudi nyanda za juu, miaka michache baadaye, aliukataa kwa adabu, akaeleza kwamba baridi haimfai shavu. Na walipokuja watu wa kuchimba gesi kwenye ghuba ya Mnazi, wakasimamisha kibao kirefu cha maandishi kando ya njia ya kwenda pwani, wanakijiji walikizunguka tangu asubuhi wakiulizana. Mtu akatumwa kumwita Safina. Alifika na mikono yenye unga, akajifuta, akasoma neno kwa neno, pasipo haraka. Mwalimu Tumaini alikuwa amesimama nyuma kabisa ya umati pamoja na wengine, akisikiliza. Waliochelewa wakaomba wasomewe tena, naye Safina akasogea karibu na kibao, akaanza upya kutoka juu.